Sitini kwa Kila Mmoja

Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia zipu. Ilifunguliwa polepole, ikatulia, kisha ikafungwa kwa kulazimishwa, kama mtu anayeshona mdomo wa gunia lililofurika. Baada ya muda ikafunguliwa tena. Nililala macho wazi gizani, goti la binti yangu Latifa likiwa limenikaa mbavuni, nikahesabu. Mara nne mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, aliufungua mkoba wake kule chumba cha pili, na mara nne akaongeza kitu.

Nilijua anachoongeza. Korosho. Wiki nzima alikuwa akizikaanga mwenyewe, za kuwapelekea wakwe wapya Dar es Salaam, maana mpwa wake alikuwa anaoa Jumamosi. Nilijua pia kwamba mkoba wa mkononi haupimwi. Mimi ndiye niliyemwambia.

Kupima ndiyo kazi yangu. Kampuni yetu ina ndege moja ndogo ya injini moja pale uwanja wa ndege wa Mtwara, na mimi ni karani wa mizani. Abiria anapanda juu ya mizani, naandika namba yake, napima na begi lake, najumlisha, napanga nani akae wapi, kapteni anasaini. Kwenye ndege kubwa mtu mnene ni mtu mnene tu. Ndege yetu ni kama mzega wa mchota maji begani: ukizidisha ndoo ya nyuma, ya mbele inapaa.

Kazi hii niliipata kwa masomo ya jioni. Miaka miwili nilikwenda darasani Magomeni ya hapa hapa Mtwara baada ya magharibi, nikarudia kidato cha nne, nikajifunza na kompyuta. Aliyekuwa anamlaza mwanangu mimi nikiwa darasani ni Bi Mwanakombo. Aliyemwambia mume wangu Thabiti, "Muache mwenzio asome, masufuria hayakimbii," ni yeye huyo huyo. Nalitaja hili mapema kwa sababu bila hilo mtu anaweza kudhani niliyoyafanya asubuhi ile ni uvivu.

Saa tatu walifika uwanjani, wanawake tisa wa Mikindani na Mtwara mjini, wote wa ukoo mmoja na mashoga zao, sare ya kitenge cha zambarau, udi unawatangulia. Ndege walikuwa wameikodi wao wenyewe. Abiria wa kumi alikuwa Latifa wangu, miaka sita, shule zimefungwa, anakwenda na bibi yake kuona harusi.

Latifa ndiye aliyerukia mizani wa kwanza. Alikuwa ametoka tu kujifunza kuhesabu mpaka mia, na siku hizo hakuna namba iliyompita bila kusomwa: namba za bodaboda, bei za dukani, kurasa za msahafu.

"Kumi na nane," akajisomea, akashuka.

Kisha ikawa zamu ya Bi Mwanakombo. Akafika mbele ya mizani, akasimama, akaitazama ile sahani ya chuma, akanitazama mimi.

"Ehe, mama Latifa. Leo unanipima mie kama korosho za ghalani?"

Wenzake wakacheka. Bi Subira, shoga yake wa tangu utotoni, ambaye ulimi wake haujawahi kulala, akasema, "Mpime, mpime. Na sisi tujue daraja lake, la kwanza au la pili."

"Mie sitini," Bi Mwanakombo akasema. "Andika sitini."

Kalamu ilikuwa mkononi. Pembeni walisimama wapakiaji wanaume wawili, na namba kwenye mizani yetu huwaka nyekundu, unaisoma hata ukiwa mlangoni. Kwetu jina la mkwe hulitaji mbele zake, sembuse kilo zake? Na mimi kilo zake nilizijua. Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki ya presha, akanipa kadi nimsomee kwa kuwa hakuwa na miwani, nikamsomea tisini na mbili. Akaikunja kadi, akasema, "Hiyo ibaki kati yangu, wewe na daktari."

Nikaandika sitini.

Bi Subira akaja nyuma yake. "Na mie sitini, kama mwenzangu." Nikimpandisha yeye baada ya kumwacha mkwe wangu, nimewaaibisha wote wawili. Nikaandika. Wa tatu sitini. Wa nne sitini, na huyo alipita mlangoni kwa ubavu. Mpaka mwisho nilikuwa na sitini tisa zimejipanga kwenye safu moja, safi kama madaftari ya shule. Mabegi makubwa niliyapima vizuri, gramu kwa gramu. Mikoba ya mkononi ikapita.

Kwenye karatasi yangu niliwapanga wanene mbele. Ndani ya ndege wakajipanga wenyewe. Kiti kilichopo pembeni ya rubani hakuna aliyekitaka; Bi Mwanakombo alisema hawezi kwenda kukaa sako kwa bako na mwanamume asiye wake, mbele ya visaa vyote vile vya kuongozea ndege. Nyuma kabisa kuna viti vitatu vilivyobanana, pazuri pa maongezi, basi yeye, Bi Subira na mwenzao wa tatu wakaenda huko. Wembamba wakabaki mbele. Latifa akakaa nyuma ya kiti cha rubani, pua kwenye dirisha.

Halafu kikatokea kitu ambacho hata leo kinanijia nikiwa naosha vyombo. Abiria wanapopanda, ndege yetu huwekewa mguu wa chuma chini ya mkia, isije ikakalia matako. Wakishakaa, mguu hutolewa. Siku zote hutoka kwa mkono mmoja. Siku ile Emmanueli, mpakiaji wetu, aliuvuta, haukutoka. Akaupiga teke, haukutoka. Mkia ulikuwa umeukalia.

Akapeleka kichwa mlangoni. "Mama zangu, naomba muiname mbele kidogo niutoe huu mguu."

Wakainama wote kwa kicheko, kama wanaoserebuka, na mguu ukatoka. Emmanueli akanitazama. Mimi nikatazama karatasi.

Kapteni Gaudensi alikuwa keshakaa mahali pake. Ni mtu wa Newala, mfupi, wa makamo, asiye na maneno mengi. Alifungua kidirisha chake, nikampa karatasi.

"Umepima, mama Latifa?"

"Nimepima, Kapteni."

"Sitini tisa."

"Ndiyo."

Akaniangalia kidogo. Upande wa baharini wingu la mvua lilikuwa linajikusanya, na alitaka awe ameshaondoka kabla halijafika. Akasaini.

Ilikuwa mwezi wa saba, kusi inavuma, kwa hiyo ndege iliruka kuelekea kusini. Kila siku pua yake huinuka ikishapita katikati ya njia ya kurukia. Siku ile iliinuka mapema, yenyewe, kama iliyovutwa na kamba. Ikashuka. Ikainuka tena. Kisha magurudumu yakaachana na lami na ndege ikaenda, chini chini, pua juu, juu ya mikorosho. Inapaswa kugeuka kushoto kwenda baharini halafu kaskazini. Haikugeuka.

"Mbona haigeuki?" Emmanueli akauliza.

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia kwenda ofisini.

Mkuu wetu wa kituo, Bwana Nassoro, alikuwa ameshaikamata redio ya kampuni kwa mikono miwili. "Kapteni, kuna nini? Rudi. Rudi haraka, unasikia? Kuna nini huko?"

Redio ikakwaruza. Sauti ya Kapteni Gaudensi ikaja, ile ile anayoagizia chai.

"Bwana Nassoro, shikamoo. Nipe mama Latifa."

Nikaichukua redio mkononi mwake.

"Nipo, Kapteni."

"Vizuri. Sikiliza mpaka mwisho ndipo ujibu. Ndege inaruka, injini ni nzima. Ila mkia mzito. Nausukuma usukani kwa nguvu zote, na gurudumu la kusawazisha nimelizungusha mpaka limegota. Mnara nimeshawaambia. Sitageuka mpaka nijue uzito uko wapi, maana nikilaza bawa hivi hivi inaweza kunitoka. Nakwenda moja kwa moja. Nina dakika saba mpaka Ruvuma, na ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, si kwetu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sikuulizi nani kakosea. Nauliza namba. Zile sitini, ngapi ni za kweli?"

Bwana Nassoro alikuwa amesimama karibu kiasi cha mimi kusikia harufu ya tangawizi ya chai yake. Niliiona kazi yangu ikiondoka, na zile jioni zote za Magomeni, na chumba tulichoanza kukiongezea tofali. Vyote viliondoka kwa mara moja na havikuwa na uzito wowote, kwa sababu Latifa alikuwa kule juu, pua kwenye dirisha.

"Hakuna," nikasema. "Hakuna hata moja. Sikuwapima."

Nikangoja nitukanwe.

"Asante," akasema. "Sasa tunaweza kufanya kazi. Fumba macho, waone wanavyopita mlangoni mmoja mmoja, ukadirie. Anza na wa nyuma kabisa."

Nikafumba macho. "Kushoto, Bi Subira, themanini na tano. Katikati, themanini, labda zaidi. Kulia, Bi Mwanakombo, mkwe wangu. Tisini na mbili."

"Tisini na mbili umekadiria?"

"Hapana. Hiyo naijua."

Nikaendelea na wa mbele yao, wawili wawili. Yeye alikuwa anajumlisha kwa sauti, polepole, kama mwalimu ubaoni, na nikagundua hesabu yangu ilikuwa imepungua zaidi ya kilo mia moja.

"Kuna kingine?"

"Mikoba yao. Korosho. Kila mmoja kilo tano, sita. Imewekwa sakafuni, nyuma."

"Sawa. Emmanueli yupo? Achukue mguu wa mkia, akae tayari. Asiisogelee ndege mpaka injini izime. Bwana Nassoro apige simu ya gari la wagonjwa, lije taratibu, lisipige king'ora. Wewe nishikie saa. Kila dakika ikiisha nitajie."

Kila mtu akapata cha kufanya. Bwana Nassoro aliyekuwa akizunguka meza kama kuku aliyefungwa kamba akatoa simu, akaanza kuongea kwa adabu kabisa. Mimi nikaitazama saa ya ukutani.

"Dakika moja," nikasema.

"Asante. Humu ndani wanamsikiliza nani?"

"Bi Mwanakombo."

"Basi aanze yeye. Namtaka hapa, kiti cha pembeni yangu."

Mshale wa sekunde ukazunguka.

"Dakika mbili, Kapteni."

"Amekataa," akasema. "Anasema yeye ni sitini, nimchukue Bi Subira. Bi Subira anasema yeye leo hata sitini hafiki, hajanywa chai."

Siku nyingine tungecheka mpaka tukae chini. Emmanueli alikuwa dirishani na mguu wa chuma begani, hakucheka. Niliweza kumsikia Kapteni akihema, na nyuma yake sauti ya mwanamke anasoma Ayatul Kursi kwa haraka, anakosea, anarudia. Sauti ya Kapteni haikubadilika, lakini kati ya neno na neno kulikuwa na nafasi ambayo mwanzo haikuwepo. Mikono ilikuwa inachoka.

"Mwambie kadi ya kliniki nilimsomea mimi," nikasema. "Mwambie tisini na mbili, mwezi uliopita. Mwambie kwa sauti, wote wasikie."

Nilijihisi kama niliyemvua mtandio katikati ya soko.

"Na jingine la kumwambia?"

"Mwambie Latifa amekaa mbele. Mwambie mama yake anamuomba."

"Nitaanza na la mtoto," akasema. "La kadi nitalibakiza. Likihitajika nitalitoa."

Mshale ukazunguka. Hapo ofisini tuna kalenda ya mwaka juzi yenye picha ya Bandari ya Mtwara, na Thabiti wangu anafanya kazi huko huko bandarini, na nikawaza kwamba sasa hivi anapakia makontena, anacheka na wenzake, na hajui. Nikatamani asijue kwa muda mrefu zaidi.

"Dakika tatu."

"Anakuja," Kapteni akasema.

Mengine ya ndani ya ndege nilisimuliwa baadaye. Kwamba Kapteni hakugeuka nyuma hata mara moja, alisema tu kwa sauti ya kuwafikia wote: "Bi Mwanakombo, mjukuu wako yuko mbele peke yake, na ndege hii inakuhitaji wewe mbele kuliko inavyonihitaji mimi. Vua viatu. Shika kiti, kisha kiti. Usikimbie." Kwamba alivua viatu, akajifunga kitenge cha pili kiunoni kama anayekwenda kulima, akaja. Kila alipopiga hatua pua ya ndege ilishuka kidogo. Kwamba alipokaa pembeni ya Kapteni alisema, "Nitazame wapi?" na Kapteni akamjibu, "Mbele, mama. Usiguse kitu. Sasa niitie wenzako, mmoja mmoja, wewe ndiye wanayekusikia."

Mimi nilikuwa nasikia hesabu tu.

"Mmoja amefika mbele," Kapteni akasema. Halafu, "Bi Subira amebadilishana na mwembamba. Wawili."

"Dakika nne, Kapteni."

"Watatu. Sasa mikoba." Mikoba ilipita mkono kwa mkono kutoka nyuma kuja mbele, kama ndoo kwenye foleni ya bomba. "Iwekwe mapajani mwa wa mbele, mama zangu, isije karibu na miguu yangu." Hayo hakuwa ananiambia mimi, alisahau kuachia kitufe, na nilishukuru kuyasikia. Nyuma ya sauti yake nilimsikia Bi Mwanakombo: "Subira, lete na ule mwingine, usijifanye huuoni."

"Dakika tano."

"Naona mto," akasema. "Mahurunga iko chini ya bawa la kulia, naona mashamba na watu wamesimama wananitazama. Gurudumu la kusawazisha limelegea kidogo. Nageuka kushoto sasa, polepole sana. Kwa muda sitasema kitu. Nikinyamaza ujue nafanya kazi."

Akanyamaza.

Sijui kama umewahi kungoja mtu aliyekuambia kwamba atanyamaza. Ni tofauti na kungoja aliyenyamaza tu. Nilikuwa na neno lake la kushika. Nililishika, nikaihesabu dakika ya sita kimoyomoyo, na ya saba, na Bwana Nassoro akaacha kuongea na simu, akaja kusimama pembeni yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na swali.

Dakika ya nane redio ikakwaruza.

"Nimegeuka. Nafuata mto kwenda baharini, halafu nitapanda na pwani kwa kupitia Msimbati. Mama Latifa, bado upo?"

"Nipo."

"Saa yako ilisimama?"

"Hapana. Ulisema unafanya kazi."

"Vizuri. Nitatua kwa kasi kuliko kawaida, sitaki kuipunguza mwendo ikaanza tena kunyanyua pua. Njia ni ndefu, inatosha. Msishangae."

Tukatoka nje. Mvua ilikuwa imeshashika mtaa wa Shangani, tuliona weupe wake unakuja juu ya minazi. Gari la zimamoto lilisimama mwisho wa lami na watu wake wamekaa ngangari. Gari la wagonjwa lilikuja bila king'ora, dereva akashuka akatuamkia kana kwamba kaja kununua tiketi.

Ndege ilitokea upande wa bahari, ndogo, mabawa yamenyooka. Iliingia kwa mwendo mkali kweli. Magurudumu yakagusa, moshi ukaruka, na pua ikainuka. Ikainuka na kukaa hewani, na mkia ukashuka mpaka nikaona mwanga mwembamba tu kati yake na lami. Emmanueli akasema neno la Kimakonde ambalo mama yake alimkataza. Kisha pua ikashuka, taratibu, kama mtu mzima anayekaa kwenye mkeka, na gurudumu la mbele likakaa chini na kubaki chini. Ikapita mbele yetu. Ikapunguza. Mwisho kabisa wa njia ikasimama.

Tulifika na mvua. Injini ikazima, na nikamsikia Kapteni kwa kidirisha: "Hakuna anayeinuka. Hakuna. Emmanueli, mguu."

Emmanueli aliuweka mguu chini ya mkia, mimi nikaushikilia kwa mikono yangu miwili nikiwa nimepiga magoti kwenye maji, ingawa hauhitaji kushikiliwa. Ndipo akawaruhusu, wa nyuma kwanza. Walishuka, sare zimelowa, mmoja na kiatu kimoja. Latifa alikuwa wa mwisho, kabebwa na bibi yake.

Bi Mwanakombo akanipa mtoto. Latifa alinuka udi na korosho, shingo yake ya moto, moyo wake unadunda kwenye ziwa langu, na nikakaa naye pale kwenye mvua mpaka Bwana Nassoro akaja na mwavuli.

Ofisini Kapteni Gaudensi alikaa kwenye benchi la abiria. Nilimpelekea chai. Alikinywa nusu, akakiweka kando yake kwenye benchi.

"Andika ripoti yako leo," akaniambia. "Kabla ya yangu. Andika mguu haukutoka."

"Nitaandika kila kitu, Kapteni."

"Na uandike mimi niliona sitini tisa, na macho ninayo, nikasaini kwa sababu ya wingu. Usiache hilo."

"Kuanzia kesho karatasi ataandika mwingine," Bwana Nassoro akasema, bila ukali. "Mpaka uchunguzi uishe."

"Sawa," nikasema. Nilikuwa nimeshalijua.

"Ni kuanzia kesho," Kapteni akasema. "Leo karatasi bado ni yake. Wakaguzi wataniuliza ndege iliruka na kilo ngapi. Nahitaji namba za kweli, za watu na za mikoba."

Wanawake tisa wakaitazama mizani. Hakuna aliyesogea. Walikuwa wameshaamua kwenda Dar kwa basi, tiketi zinatafutwa, na mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba basi halimpimi mtu.

Nilikuwa nimekaa mezani, Latifa mapajani, Bi Mwanakombo akanijia. Kitenge cha pili bado alikuwa amekifunga kiunoni, viatu ameshavivaa tena.

"Wewe ulijua tangu kule kliniki," akasema.

"Nilijua, Mama."

"Na hukumwambia yule bwana awatangazie watu?"

"Nilimwambia, Mama. Nilimwambia awatangazie wote. Yeye ndiye aliyekataa."

Akanitazama sana. Nje mvua ilikuwa inapiga bati la ghala.

"Asubuhi ungenipandisha tu," akasema.

"Niliona haya, Mama. Wewe ndiye uliyenisomesha."

"Sasa nimekusomesha ili iweje?" Akashusha mtandio mabegani, akavua kiatu cha kwanza. "Ningekununia mpaka Jumatatu. Basi. Jumatatu ningekula chakula chako kama kawaida."

Akavua na cha pili. Bi Subira akaanza kusema kitu, akaacha.

Bi Mwanakombo akapanda mizani mbele ya wapakiaji, mbele ya Bwana Nassoro, mbele ya watu wa zimamoto waliokuja kujikinga mvua, akasimama wima, mikono ubavuni. Ile namba ikaanza kuwaka. Nilikuwa nimeshika kalamu na, kwa mazoea, nikatazama pembeni.

"Mie miwani sina," akasema. "Nani ananisomea?"

Latifa akateleza kutoka mapajani mwangu, akaenda, akainama mbele ya miguu ya bibi yake, akafuata namba kwa kidole.

"Bibi ana kilo tisini na mbili."